Siku Ishirini na Moja za Topetope

Siku ya pili baada ya mazishi, wanawake waliokuwa wakipika msibani waliacha kumwita Selestina Mama Anderson. Hakuna aliyewaambia waache. Ilianza na wifi yake Ethel, dada wa mumewe, aliyeshuka kutoka Newala na kushika jiko lote tangu siku maiti ilipoletwa. Ethel alichungulia sufuria ya mbaazi, akaonja, akauliza bila kugeuka, "Mama Loveness, chumvi mnaweka wapi?"

Wenzake waliinamisha vichwa, kila mmoja akaendelea na alichokuwa anakifanya. Selestina alinyoosha kidole kwenye kichanja. Kufikia alasiri hata kina mama wa kanisani walikuwa wamelishika jina hilo jipya. Loveness mwenyewe, bintiye wa miaka kumi na mitatu, kila likitajwa alikuwa anainua uso akidhani anaitwa yeye, kisha anauinamisha tena.

Jioni ile alikuja Kibibi. Alikuwa mama yake Nurdin, kijana wa bodaboda aliyempakia Anderson siku ya ajali. Anderson alifia palepale barabarani, kwenye kona yenye mchanga, walipokuwa wanarudi kutoka Masasi wakateleza wakimpisha dereva wa lori. Nurdin alivunjika paja na sasa alikuwa amelazwa hospitali ya Mkomaindo. Kibibi alitembea peke yake kutoka kitongoji cha pili, na beseni la unga wa muhogo kichwani, akapiga hodi mbali kabla hajafika uani.

Wanawake walioketi kwenye mikeka waliitikia kwa sauti ndogo. Kisha, kama waliopatana, walisogeleana na kunyoosha miguu hadi mikeka yote ikajaa. Kibibi alitua beseni lake. Hakuna aliyelipokea. Alitazama kulia, akatazama kushoto, halafu akaketi mchangani na kukunja kanga yake magotini.

"Poleni, wenzangu," alisema. "Poleni sana."

"Tumeshapoa," Ethel alijibu. Akageukia wengine kama anayeendeleza mazungumzo. "Mtu mwanawe yuko hospitali anakunywa uji, anakuja kutazama jinsi wenzake wanavyolia."

Kuku wawili walilisogelea beseni wakaanza kudonoa unga. Selestina aliwaona, akaona na yule mwanamke mchangani, na alijua kwamba neno lake moja lingetosha. Yeye ndiye mfiwa. Angesema tu, "Msogezeeni mkeka," wangesogea. Lakini lingefuatiwa na maneno mengine, na hayo mengine hakuwa tayari kuyasema mbele ya watu. Akanyamaza. Kibibi alifumba macho, akanyanyua viganja akaomba dua yake kimyakimya, akasimama, akajipangusa mchanga, akaaga. Upande wa wanaume, Basil, mume wa Selestina, alimsindikiza kwa macho mpaka alipopotea nyuma ya mikorosho.

"Kijana wake ndiye aliyemtoa mwanangu nyumbani," aliwaambia wanaume wenzake. "Jumanne, siku ya kazi. Anderson alikuwa na vipindi shuleni. Amemrubuni waende kuzurura mjini."

Selestina aliyasikia maneno hayo kutoka alipoketi, na alijua kwamba si ya kweli.

*

Tanga liliondolewa Jumapili. Jumatatu asubuhi, Ethel akiwa kisimani na Basil akiwa ameenda kusafisha mikorosho, Selestina alifungua fundo la kanga yake, akatoa ufunguo. Ulikuwa wa chumba cha nje, chumba cha Anderson. Alikabidhiwa hospitali pamoja na mkanda na viatu vyake, na tangu siku ile hakuna aliyeingia humo.

Harufu ndiyo iliyomlaki kwanza, tamu na kali kama pombe ya jana. Juu ya meza, chini ya dirisha, sahani ya bati ilikuwa imefunikwa kifudifudi, na juu yake topetope. Siku Anderson alipolichuma lilikuwa gumu na kijani, kila kigamba chake kimesimama. Sasa lilikuwa jeusi nusu nzima. Upande mmoja lilipasuka, nyama yake nyeupe ikawa rangi ya chai, na sisimizi walikuwa wamechora njia kutoka ukutani hadi kwenye ule ufa. Pembeni yake kulikuwa na daftari kubwa la kuchorea, penseli tatu, kichongeo na raba.

Selestina alikaa kwenye kiti cha mwanawe. Hakulia. Alilifungua daftari.

Anderson alikuwa mwaka wa mwisho chuo cha ualimu, amerudi kijijini kwa mazoezi ya kufundisha. Chuo kilimpa na kazi ya somo la sanaa: achague tunda moja, aliweke mahali pamoja, alichore kwa penseli kila asubuhi kwa siku ishirini na moja, vile lilivyo, bila kuongeza wala kupunguza. Alichuma topetope kwenye mti wa nyuma ya nyumba. Kurasa kumi na mbili za mwanzo zilikuwa za tunda lile la kwanza. Baada ya hapo alichora mstari mzito katikati ya ukurasa, akaandika, "Tunda la pili. Siku ya 1."

Mstari ule ndio uliokuwa wa Selestina.

Jumamosi ile kina mama wa kanisani walikuwa na zamu ya kusali nyumbani kwake. Alifagia uwanja, akapangusa viti, akapitia mpaka chumba cha mwanawe kwa kuwa mlango wake ulitazamana na pale watakapokaa wageni. Akakuta tunda bovu mezani, nzi wamelizunguka, harufu imejaa. Akalichota kwa jani la mgomba, akalitupa kwenye banda la mbuzi. Hata hakuwaza mara mbili. Anderson aliporudi mchana kutoka shuleni, alikokuwa na vipindi vya ziada, wageni wakiwa wameshaondoka, alisimama mlangoni mwa chumba chake kwa muda mrefu.

"Mama, kulikuwa na topetope hapa."

"Lilikuwa limeoza. Nimelitupa."

"Mama." Aliketi kizingitini. "Kuoza kwake ndiyo kazi yenyewe. Zilibaki siku tisa."

Kama na yeye angeishia hapo, labda yangekwisha. Lakini Selestina alikuwa amechoka, na asubuhi ile mama mmoja alikuwa ameziba pua kwa kanga, kwa harufu iliyosalia, akidhani haonekani, na aibu ile ilikuwa bado moto kifuani.

"Mwanamume mzima wa miaka ishirini na miwili," alimwambia, "anakaa kutwa anatazama tunda linavyooza. Ndiyo ualimu huo? Baba yako amekonda kwenye mikorosho ili wewe uchore uozo?"

Anderson aliinuka kizingitini. Alienda nyuma ya nyumba, akachuma lingine, akaliweka kwenye sahani, akaanza upya. Hakula siku hiyo. Jumapili walisalimiana tu. Jumatatu vilevile. Jumanne asubuhi alimkuta jikoni, akasema, "Naenda chuoni kuomba waniongezee siku," akaondoka bila kunywa chai. Selestina alikuwa na kikombe mkononi. Hakumwita arudi.

Kwenye daftari, tunda la pili lilikuwa na michoro minne. Wa mwisho ulikuwa wa Jumanne hiyo hiyo. Chini yake, kwa mwandiko wake wa kulala: "Siku ya 4. Saa 12.30 asubuhi. Limeanza kulainika upande wa dirisha."

Selestina alihesabu kwa vidole. Jumatano, Alhamisi walipozika, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Aliacha kurasa tano wazi. Kwenye ya sita aliandika, taratibu, kama alivyofundishwa darasa la pili na hajaandika sana tangu alipomaliza la saba: "Siku ya 10."

Halafu akachukua penseli.

*

Mchoro wake wa kwanza ulifanana na kiazi. Aliukandamiza mkono kama anayeshika jembe, ncha ikakatika, akaichonga kwa kisu cha muhogo maana kichongeo hakukielewa. Alifuta mpaka karatasi ikatoboka. Jasho lilimtoka kama mtu aliye palizini. Alipomaliza alilinganisha kazi yake na ile ya siku ya nne, akaona haya, akataka kuuchana ukurasa. Hakuuchana. Aliandika, kwa kuwa mwanawe alikuwa anaandika: "Limepasuka. Sisimizi wengi."

Kesho yake alirudi. Kesho kutwa pia. Alijifunza kwamba penseli yenye ncha laini inafaa kwa weusi na ile ngumu kwa mistari. Alijifunza kukaa bila kuchora kwanza, kutazama tu, mpaka aone kitu ambacho jana hakikuwepo. Siku ya kumi na mbili ukungu mweupe ulitokea penye kikonyo. Siku ya kumi na tatu tunda lilibonyea kama shavu la mtu aliyeng'olewa meno. Mara nyingine alisahau kwa nini yuko pale, akajikuta anawaza kigamba kimoja tu, kimeinamia wapi. Kisha alikumbuka, na pale alipokumbuka ilikuwa kama anapewa habari ya kifo upya.

Siku ya kumi na nne Ethel alimfuma. Alisukuma mlango, akaziba pua.

"Wifi, unafanya nini humu?"

"Namalizia kazi ya Ande."

"Kazi gani?"

"Ya chuo."

Ethel alitazama tunda, akatazama daftari, akamtazama mke wa kaka yake kwa namna watu wanavyomtazama mtu anayeongea peke yake njiani. Akatoka. Mchana Basil alirudi kutoka shambani mapema kuliko kawaida yake, na Ethel akawa nyuma yake.

"Nimeambiwa unalala na uozo," Basil alisema.

"Silali nao. Nauchora."

"Watu wanapita hapa, Selestina." Alikuwa hajamwita kwa jina lake tangu Anderson azaliwe, na wote wawili walilisikia. "Wanakuja kutoa pole, wanakutana na harufu. Juzi katekista ameniuliza kama umekula. Umeniuliza mimi nawajibu nini?"

"Wajibu kwamba kazi bado siku saba."

"Kaka, mie nilishakwambia," Ethel alisema. "Nimchukue twende naye Newala akapumzike. Watu wataanza kusema."

"Litupe," Basil alimwambia mkewe. Hakukemea. Alisema kama anayeomba. "Litupe, funga chumba. Hilo tunda linakusaidia nini?"

Selestina alisimama, akaja akakaa mlangoni, mgongo kwenye mwimo mmoja na miguu kwenye mwimo wa pili.

"Hili halitupwi," alisema. "La kwanza lilitupwa. Hili halitupwi."

Basil hakuuliza la kwanza ni lipi. Alidhani ni maneno ya uchungu tu. Alikaa chini uani, akavua kofia yake.

"Si Jumatatu hii, Jumatatu inayofuata nakwenda polisi Masasi," alisema. "Wanataka maelezo ya familia. Nitawaambia Nurdin alikuwa anakimbiza pikipiki, na kwamba alimdanganya mtoto akaacha kazi ili wakazurure. Atoke hospitali aingie ndani. Labda hapo na wewe utapata kulala."

Selestina alifungua mdomo. Ethel alikuwa pale, amesimama na mikono kiunoni, anasubiri neno lolote. Akaufunga.

*

Ijumaa ilikuwa siku ya ishirini na moja. Juu ya sahani kilibaki kitu kidogo cheusi, kigumu, kimejikunja, na mbegu tatu zinang'aa penye ufa. Hakikuwa na harufu tena. Hata sisimizi walikuwa wamehama. Selestina alikichora kwa saa nzima, na kwa mara ya kwanza hakufuta mstari hata mmoja. Akaandika tarehe. Akalifunga daftari kwa kitenge, akamwambia Loveness anakwenda hospitali kupima presha, akashuka Masasi.

Chuoni, mpokezi kijana aliyekuwa anaandika kitu hakuinua kichwa.

"Shida yako, mama?"

"Nimeleta kazi ya mwanangu. Ya sanaa."

"Kazi analeta mwanachuo mwenyewe, mama. Na za sanaa zilishapokelewa, tarehe imepita. Mwambie aje na barua."

"Hawezi kuja."

"Wote wanasema hivyo. Aje tu."

"Amefariki," Selestina alisema.

Kijana aliiacha kalamu. Alisema pole, akasimama, akakaa, akasimama tena, akaenda kumwita mtu. Selestina alibaki kwenye benchi na daftari mapajani. Wanachuo wawili walipita wakicheka, wakamsalimia, "Shikamoo mama," akawaitikia marahaba.

Mwalimu Ziada alikuwa mwanamke wa makamo mwenye ushungi wa bluu na vumbi la chaki mikononi. Alimpeleka kwenye chumba cha sanaa, akamkalisha kwenye kiti chenye mgongo, akafunga mlango.

"Tulikuja kuzika," alisema. "Tulikuwa watu wengi, hukuniona. Pole sana, mama yangu."

Selestina alilifungua daftari mezani. Mwalimu Ziada alipitia kurasa kumi na mbili za mwanzo bila haraka, anageuza kwa pembe, hagusi katikati. Akafika kwenye mstari mzito. Akatazama minne iliyofuata. Akapita kurasa tano tupu. Alipofika siku ya kumi, mkono wake ulisimama.

"Hii nani amechora?"

"Mimi."

Mwalimu aliendelea mpaka mwisho. Kwenye ule wa siku ya ishirini na moja alikaa sana.

"Mama, nitakuambia kama mwalimu, maana naona umekuja kwa mwalimu," alisema. "Kumi na sita za mwanzo nitazisahihisha. Mkono wa Anderson ulikuwa mzuri, nilishamwambia. Lakini kazi haikukamilika, siwezi kuandika kwamba imekamilika. Na hizi zako siwezi kuzipa alama."

"Kwa sababu ni mbaya."

"Hapana. Kwa sababu si zake."

Selestina aliitikia kwa kichwa. Hakuwa amekuja kwa ajili ya alama, ingawa mpaka dakika ile hakuwa amejua hivyo. Alikuwa amekuja kusema jambo kwa mtu ambaye si ndugu yake.

"Ni mimi niliyelitupa," alisema. "Lile la kwanza. Yeye hakukosea. Kama isingekuwa mimi angekuwa amemaliza, asingekuja huku kuomba siku. Nataka muandike hivyo. Kwamba kosa si lake."

Mwalimu Ziada alimtazama, na uso wake ukabadilika kidogo, kama mtu anayelinganisha maneno mawili aliyoyasikia siku mbili tofauti.

"Anderson alikaa hapo hapo ulipokaa," alisema. "Siku ile. Nilimuuliza tunda limekuwaje. Akaniambia aliliangusha mwenyewe akifagia chumba. Nikamfokea, mama. Nikamwambia mwalimu mzembe hafai. Akaomba msamaha. Akarudia, ni mimi nimeliangusha, madam, ni uzembe wangu."

Selestina alishika ukingo wa meza.

"Hakunitaja?"

"Hakukutaja. Alihitaji siku kumi na mbili. Nilimpa saba. Akashukuru."

Mwalimu alimpa maji, hakuyanywa. Alimuuliza kama angependa kuliacha daftari. Selestina alisema hapana. Mwalimu Ziada aliandika alama zake kwa penseli kwenye kona za kurasa kumi na sita, moja moja, huku mama yule amekaa anasubiri, halafu akalifunga tena daftari kwa kile kitenge akamrudishia.

*

Hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipofika Lulindi, kijijini kwao, alipita njia ya shambani, akamkuta Basil chini ya mkorosho, anakata matawi yaliyokauka. Jua lilikuwa bado juu. Ethel hakuwepo, na hilo ndilo lililokuwa muhimu.

"Presha vipi?" Basil aliuliza.

"Sikwenda hospitali. Nilikwenda chuoni kwa Ande."

Basil aliendelea kukata.

"Nurdin hakumdanganya," Selestina alisema. "Ande alikwenda kuomba siku za kumalizia ile kazi. Alikuwa ameshaifanya siku kumi na mbili. Mimi nikaingia chumbani nikatupa tunda lake kwa mbuzi. Nikamtukana na juu yake. Nikamwambia unakonda kwa ajili yake na yeye anachora uozo. Hakunijibu. Siku tatu hatujazungumza, kisha akaondoka, na mimi namwangalia. Huko chuoni amesema ameliangusha mwenyewe. Basi usiende polisi kusema uongo juu ya mtoto wa mwenzangu. Ukitaka kusema, sema mimi."

Panga lilisimama. Basil hakugeuka. Selestina alisubiri apige kelele, na kwa kweli alitamani apige. Badala yake mumewe alichomeka panga kwenye shina, akakaa kwenye majani makavu, akafuta uso kwa mikono yote miwili.

"Nilijua hakwenda kuzurura," alisema.

Selestina hakumwelewa.

"Alinipitia hapa asubuhi ile. Akasema, baba, nina shida mjini, naomba baiskeli. Nikamuuliza shida gani, akasema ya masomo. Nikamwambia baiskeli ni ya kazi, siyo ya kuzururia. Nilikuwa nataka kubebea mizigo." Alielekeza kidole kwenye mkorosho wa pembeni. "Haikubeba kitu siku hiyo. Ilikaa pale, imeegemea mti ule. Akasema sawa, baba. Akaenda kumtafuta Nurdin."

Upepo ulipita kwenye mikorosho, ukaacha. Selestina alikaa chini, si karibu naye wala si mbali. Zaidi ya wiki mbili walikuwa wamelala kitanda kimoja, kila mmoja amegeukia ukuta wake, na kila mmoja alidhani ni yeye peke yake mwenye sababu.

"Mbona hukuniambia?" aliuliza.

"Na wewe mbona hukuniambia?"

Basil alinyoosha mkono kwenye kitenge. "Ni hilo?"

Alimpa. Basil hakuwa mtu wa vitabu. Alitazama kurasa za mwanzo kwa heshima, kama mtu anayetazama vitu vya ofisini. Alipofika michoro ya mkewe alitambua bila kuambiwa. Akaigusa na kidole chenye kucha nyeusi, akainusa, na hapo ndipo Basil, ambaye hakulia kaburini wala nyumbani, alipolia. Alilia vibaya, kwa sauti, kama mtu asiye na mazoea. Selestina hakumshika. Alikaa tu hapo, anamlinda watu wasije.

*

Jumatatu Basil alitoka na baiskeli mapema. Hakusema anakwenda wapi. Ethel, aliyekuwa anafunga mizigo yake arudi Newala, alidhani ni polisi, akamwambia kaka yake awe imara. Basil alimwitikia tu.

Alirudi jua likiwa linaelekea kuzama, amejaa vumbi mpaka kwenye nyusi. Selestina alimpokea baiskeli. Ethel alikuwa ameshaondoka, na Loveness alikuwa ndani anafanya kazi zake za shule.

"Nilikuwa Mkomaindo," Basil alisema. Alikaa kwenye kigoda, akaanza kuvua viatu. "Kwa yule kijana."

"Anaendeleaje?"

"Mguu umening'inizwa kwa mawe. Hageuki." Alivua kiatu kimoja akakishika. "Mama yake alikuwa nje anafua. Aliponiona alitaka kufunika uso. Nadhani alidhani nimekuja kumpiga. Akanisalimia, nikamwitikia, basi, nikaingia wodini nikakaa kando ya kijana. Sikujua niseme nini. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, yote yakapotea."

"Ukakaa tu?"

"Nikakaa. Baadaye kijana akaanza kuhangaika, anatafuta mama yake kwa macho. Anataka haja, anaona aibu kunituma. Nikachukua chombo nikamshikia. Akalia mpaka akamaliza. Nikaenda kumwaga, nikaosha, nikarudi."

Selestina alikuwa bado ameshika usukani wa baiskeli. Aliuliza lile ambalo wote wawili walikuwa wanaliogopa.

"Alisema chochote kuhusu Ande?"

Basil alikitazama kiatu mkononi.

"Anasema alikuwa amefurahi. Walipokuwa wanarudi. Alikuwa anamwambia, nimepewa siku saba, Nurdin, siku saba nzima. Alikuwa anamhesabia kwa vidole kule nyuma, leo Jumanne, kesho Jumatano." Aliking'uta kiatu, mchanga ukamwagika. "Mtu anafurahi hivyo kwa siku saba."

Selestina aliegemeza baiskeli ukutani, akaitengeneza isianguke. Kisha akachukua ndoo, akasema anakwenda kisimani, ingawa mitungi yote ya nyumbani ilikuwa imejaa.